Sura ya Sita: Sanduku Lisilo na Kimo

Siku ya Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, sajini mstaafu Alionzi alikaza tai yake, akaingia katika chumba cha mafundi cha Chuo cha Nyota Njema mjini Arua, akamwamuru fundi Akram asimame. Akram alikuwa amesimama tayari. Kwa hiyo Alionzi akamwamuru akae, kisha akamwamuru asimame.

"Sasa tunaelewana," akasema.

Alionzi alikuwa mtu wa haki, maana yake hakumpendelea yeyote, na wengi hakuwapenda kabisa. Jeshini alikuwa mtu wa redio kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu, shule na vyuo vilianza kumkodi achunguze mitihani iliyovuja, mabweni yaliyoungua na, mara moja, sufuria la uji lililotiwa chumvi kwa makusudi. Kesi ya uji ilimchukua siku tatu. Wavulana wanne walifukuzwa shule. Bado aliitaja kwa fahari, kama wengine wanavyotaja vita walivyopigana.

Safari hii chuo kilimkodi ajibu swali moja tu, kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo: je, Keji Tongun aliiba jibu la mtihani?

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi, katika chumba cha chuo hicho kilichoko mji wa Koboko, watahiniwa kumi na mmoja waligombea nafasi moja ya kusoma utengenezaji wa programu mjini Arua kwa mwaka mzima, chakula na kitanda vikiwa juu ya chuo. Mtihani ulifanywa ndani ya ukurasa wa brauza. Juu palikuwa na swali. Katikati palipaswa kuwa na edita, yaani sanduku ambamo mtahiniwa anaandika programu yake. Chini palikuwa na kitufe cha kutuma. Edita hiyo aliipachika Akram mwenyewe ndani ya ukurasa, akasafirisha kila kitu hadi Koboko kwa flashi, kwa kuwa chumba kile hakina mtandao.

Saa tatu kamili mtihani ukaanza, na sanduku halikuonekana kwenye skrini hata moja. Kulikuwa na swali, kulikuwa na kitufe, na baina yao hapakuwa na kitu. Watahiniwa walikaa wakitazama pengo hilo kwa dakika arobaini bila kuuliza, kwa sababu wote walisoma katika shule ambako kuuliza wakati wa mtihani kunahesabiwa kuwa kelele. Saa tatu na dakika arobaini Akram akatengeneza, masanduku yakafunguka, muda ukaongezwa, watu wakaanza kuandika. Lakini seva iliyokuwa chumbani humo, ile inayopokea majibu, ilionyesha kwamba jibu moja lilikuwa limeshaingia tangu saa tatu na dakika ishirini na sita. Mistari kumi na tisa. Mtahiniwa namba saba, Keji Tongun, miaka kumi na tisa, wa kambi ya wakimbizi ya Lobule, mzaliwa wa Sudan Kusini.

Kamati ilimwita ikamuuliza maswali mawili. Je, uliliona sanduku? Akajibu hapana. Je, uliandika jibu hili mwenyewe? Akajibu ndiyo. Kamati ikacheka, ikaandika kwamba binti anasema uongo, ikalifunga jibu lake bila kulisoma wala kulisahihisha, kama kanuni inavyotaka kwa mtuhumiwa. Akipatikana na hatia angezuiwa kufanya mtihani wowote wa chuo kwa miaka mitatu. Asipopatikana, jibu lake lingesahihishwa kama la wengine. Mpaka hapo aliyeongoza kwa alama alikuwa kijana mmoja wa Arua aitwaye Adriko, mwenye sitini na moja kwa mia. Adriko huyo huyo ndiye aliyeiambia kamati kwamba Ijumaa, mkesha wa mtihani, huko Koboko, alimwona Keji akimpa Akram karatasi iliyokunjwa. Aliyasema kwa unyonge mkubwa, mikono nyuma, kama kiranja anayesikitika kutaja majina.

Alionzi alifungua daftari lake la hesabu, lile la miraba, akasoma kwa sauti ripoti ya Akram. *Edita haikuwepo kwenye ukurasa hadi saa tatu na dakika arobaini. Mtandao ulisumbua.*

Akamuuliza kama chumba cha Koboko kina mtandao. Akram akasema hakina. Alionzi akataka kujua jinsi kitu kisichokuwepo kinavyoweza kusumbua. Alionzi hakumharakisha. Alianza kuhesabu mbao za dari kwa sauti. Alipofika thelathini na nne, Akram akakiri.

Ilikuwa faili moja ndogo, alisema, ya mistari sita. Kazi yake ni kuuambia ukurasa kila kitu kiwe na ukubwa gani. Kompyuta ya Arua ilikuwa ikiichukua mtandaoni bila yeye kufikiri, na alipojaza flashi aliisahau. Bila faili hiyo edita inapakiwa yote, inafanya kazi, ina upana, ila haina kimo. Jumamosi aliponya ugonjwa kwa kuandika mstari mmoja kwa mkono: kimo, mia nne.

"Kwa hiyo sanduku lilikuwa iko ama haiko?" Alionzi akauliza.

"Lilikuwepo, afande. Ila kimo chake sifuri."

"Umeandika haikuwepo."

"Kitu bila kimo, afande, kwa mtu anayetazama..."

"Jeshini nilikuwa na redio moja, spika yake imekufa. Ilikuwa napeleka habari kama kawaida. Mutu moja alisema haiko redio, akatukana kamanda mbele yake. Leo yeye iko nyumbani, anachunga mbuzi. Toa hiyo faili. Nataka kuona ile waliona."

Akram akaiondoa faili, akafungua ukurasa. Swali, pengo, kitufe. Alionzi alivaa miwani akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Halikuwa pengo tupu. Palikuwa na kimstari cha kijivu, chembamba kuliko uzi. Akauliza ni nini. Akram akasema ni mpaka wa sanduku: ule wa juu na ule wa chini umekutana.

Alionzi akachora kimstari hicho katika daftari. Kisha akafanya alilofundishwa kufanya mbele ya mtambo wowote asioujua: akabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, kuanzia kulia, akiandika matokeo ya kila kimoja. Herufi hazikufanya kitu. Namba hazikufanya kitu. Alipobonyeza Tab, kimstari kikageuka buluu. Akaandika MBUZI. Hakuna kilichoonekana. Akamwamuru Akram aweke kimo palepale, bila kufungua ukurasa upya.

Sanduku likafunguka. Ndani yake, kwenye mstari wa kwanza, kulikuwa na neno MBUZI.

Ilichukua dakika tatu zaidi kupata yaliyobaki. Ndiyo, Akram alijua tangu Jumamosi kwamba mtu angeweza kuandika ndani ya sanduku lile bila kuliona. Hapana, hakuiambia kamati. Angesema, ingejulikana kwamba alisahau faili. Alionzi akamuuliza kama alitambua kwamba msichana anachinjwa kwa ajili ya mistari sita.

"Hakuna aliyeniuliza, afande," Akram akasema.

Juu ya ile karatasi iliyokunjwa, Akram alisema ni jambo lake binafsi, lisilohusu mtihani. Alionzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Hakuna kitu kilichomfurahisha kama jambo la binafsi.

Saa nne na nusu alikuwa Koboko, akapaki pikipiki yake mbele ya duka la kuchapa barua la mama mmoja anayeitwa Paska. Ndipo Keji alipokuwa akifanya kazi mpaka jana. Alimkuta amesimama nje ya kizingiti, mikono kifuani. Paska alikuwa amemfukuza Jumatatu asubuhi, kwa hoja kwamba watu huleta siri zao dukani, na mwizi hawezi kuandika siri za watu. Alikubali aje kuonana na mpelelezi, ila asivuke mlango.

"Miguu yake ibaki hapo hapo," Paska alimweleza Alionzi. "Akiingiza mguu moja, wateja wataona nimemrudisha."

Alionzi aliona sharti hilo ni la busara. Akaanza na duka. Kompyuta ilikuwa moja, ya mezani, skrini yake peke yake na boksi lake peke yake, vyote vikilishwa na betri ya sola iliyokuwa chini ya meza. Juu ya skrini kulikuwa na kitambaa cha meza kilichofumwa, chenye maua. Alionzi akauliza kitambaa ni cha nini. Paska akajibu kwamba ni cha kuizuia isipate vumbi, maana mara nyingi imezimwa.

Alionzi akaacha kuandika. Akauliza barua zinaandikwaje skrini ikiwa imezimwa.

Paska akamtazama kama mtu anayeulizwa maji yanachotwaje. Skrini ndiyo inayokula betri, alisema. Boksi linakula kidogo tu. Ukiwasha skrini tangu asubuhi, saa sita hakuna kitu, na watu wa barua za kambi na watu wa barua za mahakama wanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo skrini inawashwa wakati wa kufungua kazi na wakati wa kuchapa. Katikati mwandishi anatazama karatasi ya mteja na vidole vinafanya kazi yao. Keji alifanya hivyo kwa miaka miwili. Wasichana wawili kabla yake walishindwa, mmoja akaenda kuuza dagaa.

"Makosa?"

"Neno moja kwa ukurasa. Siku ya malaria, matatu."

Paska aliwasha skrini kwa heshima ya mpelelezi, akamwonyesha barua. Zilikuwa safi. Kila aya ilianza ndani kwa nafasi nne. Alionzi akauliza kama programu ndiyo inayoweka nafasi hizo. Paska akasema hapana. Programu yao ni ya zamani, haijipangii kitu, kila mstari unaanza ukutani. Nafasi ni kidole gumba: moja, mbili, tatu, nne. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayomfundisha msichana mpya, na anayesahau anaandika upya yote. Alionzi akaandika: *kidole gumba, mara nne*. Akapiga mstari chini yake, bila kujua bado kwa nini.

Kisha akaomba kazi zote zilizochapwa Ijumaa. Ya tano katika orodha ilikuwa na jina la Akram. Aliisoma yote, taratibu, akairudia, akaomba nakala.

Sasa akamgeukia Keji. Alimhoji kupitia mlangoni, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha Paska, binti akiwa juani, na wanawake watatu waliokuja kuchapa barua wakisikiliza bure. Alimuuliza alifanya nini saa tatu kamili. Keji akasema alibonyeza Tab, kama anavyofanya dukani kila siku, akaona uzi umegeuka buluu, akajua kuna mahali pa kuandika. Akadhani skrini imezimwa kidogo ili kuhifadhi umeme, kama kwa mama Paska. Akaandika. Alipomaliza, akabofya kitufe.

"Na kamati uliwaambia hii yote?"

"Waliuliza kama niliona sanduku. Mimi sikuona. Waliuliza kama niliandika. Niliandika. Hawakuuliza ingine, mzee."

"Kwa nini wewe hapana sema tu?"

"Walikuwa wanacheka," Keji akasema.

Alionzi alimwamuru afike kwenye chumba cha mtihani saa nane, akamkumbusha kwamba akishindwa jaribio atakalopewa huko, kosa la kutaka kuidanganya kamati litaongezwa kwenye mashtaka. Mmoja wa wale wanawake akamwambia Keji pole. Paska akamwambia mwanamke huyo kwamba foleni inasonga.

Saa nane chumba kilijaa. Mbele alikaa Madam Juliet, mkuu wa mitihani, aliyefika kutoka Arua na orodha yake na muhuri wake. Saa kumi lazima jina liwe limebandikwa. Pembeni alikaa Akram, aliyeletwa ili aendeshe seva. Nyuma walikaa watahiniwa wengine kumi, ambao Juliet aliwaita ili wajifunze, na ambao walikuja ili wacheke. Adriko alikuwa ameketi mstari wa kwanza, shati limepigwa pasi, akimpisha kila mtu apite.

Alionzi alisimama akaeleza habari ya sanduku lisilo na kimo. Alimwonyesha Juliet neno MBUZI, akaufuta ushahidi wa kwanza. Kisha akasema kwamba kuhusu ile karatasi iliyokunjwa, uchunguzi umebaini kuwa ilikuwa barua ya Akram iliyochapwa na mtuhumiwa dukani, na haihusu mtihani.

Hapo angeweza kuketi. Kesi ilikuwa haihitaji zaidi. Lakini Alionzi alikuwa na nakala mfukoni, na ilikuwa barua nzuri. Akaivuta, akasafisha koo, akaisoma mbele ya wote. Akram alikuwa akiomba kazi katika chuo kingine. Sababu, alieleza katika aya ya pili, ni kwamba amechoka kuwa chini ya mwanamke anayeiita kompyuta televisheni na anayefungua kila kiambatisho anachotumiwa kama mtoto anavyofungua pipi.

Watahiniwa walitazama sakafu kwa nguvu zao zote. Mabega yalikuwa yakitetemeka.

Juliet hakubadilika uso. Alimuuliza Keji kama ni yeye aliyeyaandika maneno hayo. Keji akajibu kwamba aliandika kama mteja alivyoyatoa. Juliet akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu pembeni ya orodha yake. Akram alikuwa amegeuka rangi ya majivu, na hakuwa akimtazama Juliet. Alikuwa akimtazama Alionzi.

"Tuendelee," Juliet akasema.

Jaribio lilikuwa rahisi. Keji angepewa swali jipya, la ukubwa uleule, na angeandika bila kuona. Alionzi alipendekeza skrini izimwe. Adriko akainua mkono kwa adabu, akasema hana nia mbaya na dada yake, ila kioo kilichozimwa bado kinaweza kuakisi vidole, na watu wasije wakasema kitu. Alionzi akakubali kwamba hoja ina uzito. Kwa hiyo skrini haikuzimwa. Iligeuzwa. Keji alikaa mezani mbele ya mgongo wa skrini, na kioo kikawatazama watazamaji, sanduku likiwa na kimo chake kamili, ili kila mtu aone anachoandika isipokuwa yeye.

Akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka safi, bila kosa. Akabonyeza kitufe cha kushuka. Alionzi alikuwa amefumba macho. Masikio yake yalikuwa ya mtu aliyepokea ujumbe kwa nukta na vistari tangu ujana, na sasa alisikia alichokuwa akikingoja. Kidole gumba: moja, mbili, tatu, nne.

Ndipo kicheko cha kwanza kilipotoka nyuma.

Maneno yalikuwa sawa, yote. Kilichowachekesha ni mahali yalipokaa. Edita ya Akram haikuwa kama programu ya Paska. Kila mwandishi aliposhuka mstari, edita ilikuwa ikimsogezea nafasi yenyewe, kwa hisani. Keji, asiyeona hisani hiyo, alikuwa akiongeza zake. Mstari wa pili ukaanza ndani mara mbili ya ilivyotakiwa. Wa tatu ukaanza mbali zaidi, wa nne zaidi tena. Programu ilikuwa ikitembea kuelekea kulia kama mlevi anayeshuka ngazi, na darasa zima lilikuwa likiitazama.

Keji alisikia kicheko. Hakujua wanacheka nini. Vidole vyake vilisita kidogo, vikaendelea. Kadiri alivyoendelea ndivyo ngazi ilivyorefuka, na kadiri ilivyorefuka ndivyo walivyocheka, mpaka msichana mmoja akalazimika kutoka nje. Alionzi hakuwanyamazisha. Alitaka kuona kama kelele zitamvuruga. Hazikumvuruga. Aliandika mistari kumi na saba, akaweka mikono mapajani.

"Nimemaliza, mzee."

Alionzi akasimama. Hii ndiyo sehemu aliyoipenda, na aliitendea haki.

"Madam, hapana fungua jibu lake bado. Mimi nitasema kwanza iko namna gani ndani. Kama mutu aliiba, alinakili kazi ya mutu anayeona. Itakuwa imenyooka. Kama yeye mwenyewe aliandika kwa giza, mistari itaenda kulia, kulia, kama ngazi. Maana gumba lake inapiga nne, na edita inaongeza yake. Sasa fungua."

Juliet akamwamuru Akram alifungue jibu lililofungwa tangu Jumamosi. Likaja kwenye skrini. Mistari kumi na tisa, maneno safi, ikishuka kulia kama ngazi ya mnara, mpaka wa mwisho ukawa umejificha nje ya sanduku.

Hakuna aliyecheka tena. Juliet alilinganisha kazi mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kamati imeridhika: mtahiniwa namba saba hakuiba. Skrini ikageuzwa. Keji akaona, kwa mara ya kwanza, alichokuwa ameandika Jumamosi. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alitabasamu, na kwamba alikuwa na meno mazuri.

"Basi lisahihishwe," Juliet akasema. "Kama la wengine."

Akram akabofya. Mashine ilichukua muda mfupi sana. Lugha waliyofanyia mtihani inahesabu nafasi za mwanzo wa mstari kama sheria: nafasi iliyozidi ni kosa kamili, na programu haiendeshwi hata kidogo. Kosa lilikuwa mstari wa tatu. Jibu likapewa alama yake.

Sifuri.

Keji alisimama. Kwa sauti ndogo alieleza kwamba hakuna neno linalotakiwa kubadilishwa. Kila mstari umezidishwa nafasi, na zinaweza kuhesabiwa na kutolewa. Apewe dakika mbili, au afanye fundi mwenyewe, yeye asiguse. Juliet akamgeukia Akram. Alisema hajui mambo haya, ana haki ya kuziita kompyuta anavyotaka, lakini fundi akisaini kwamba nafasi zile ziliongezwa na edita na si na mtahiniwa, kamati inaweza kuziondoa.

Alionzi akamtazama Akram. Akram alikuwa ameshaiandaa kalamu. Akaifunika.

"Siwezi, madam. Ripoti yangu iko mbele yako, na imegongwa muhuri. Nimeandika edita haikuwepo mpaka saa tatu na dakika arobaini. Kitu ambacho hakikuwepo hakiwezi kuongeza nafasi."

"Uongo," Alionzi akasema. "Wote tumeona."

"Ripoti ibadilishwe basi," Akram akasema, bado akimtazama yeye. "Niandike edita ilikuwa na kosa. Mtihani wa wote kumi na mmoja ufutwe, chuo kiandikiwe barua na wazazi. Mimi niko tayari. Sajini anisomee kwa sauti, ana sauti nzuri."

Saa ya ukutani ilikuwa ikikaribia tisa na nusu. Juliet alitazama watahiniwa kumi waliokuwa wameacha kutikisa mabega. Alitazama muhuri wake. Kisha akaamua kwamba ripoti ya fundi ibaki ilivyo, na ya mpelelezi ibaki ilivyo. Hivyo kamati ya mitihani ikaweka kwenye kumbukumbu, kwa saini na tarehe, kwamba Keji Tongun aliandika mistari kumi na tisa kwa mikono yake mwenyewe ndani ya kitu ambacho hakikuwepo, na kwamba kitu hicho hakikumwongezea nafasi hata moja.

Alionzi akasema kwamba hili si sawa. Juliet akamuuliza, bila chuki, chuo kilimkodi kujibu swali gani. Alionzi akalitaja. Juliet akamuuliza kama amelijibu. Alionzi akasema ndiyo.

"Tunakushukuru," Juliet akasema, akagonga muhuri.

Ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa ya Alionzi. Mtuhumiwa aliyesafishwa hupewa barua, na lazima asaini kuwa ameipokea. Alimpata Keji kwenye ngazi za nje. Watahiniwa walikuwa wakipita pande zote mbili zake kama maji yanavyolipita jiwe. Alimpa barua. Ilikuwa na mistari mitatu: hakuiba, hakudanganya, amepata sifuri.

Keji akaisoma. Akauliza kama inaweza kuandikwa upya.

"Nini iko na makosa?"

"Andika niliiba, mzee."

Alionzi akadhani hakusikia vizuri.

"Ukiandika niliiba, Lobule watasema huyu alikuwa anajua, amenyimwa. Mama Paska atasema mwizi, lakini baada ya mwezi atasahau. Ukiandika hivi watasema miaka miwili yote nilikuwa nagonga vitufe tu." Akamrudishia barua. "Miaka mitatu ya kuzuiwa nitangoja. Hiyo naweza."

"Mimi siwezi kuandika uongo," Alionzi akasema.

Keji hakubisha. Alichukua kalamu, akasaini mahali palipoonyeshwa, akaikunja barua mara nne na kuiweka ndani ya kiatu, labda kwa sababu gauni lake halikuwa na mfuko. Kisha akaanza kutembea upande wa Lobule.

Alionzi alisukuma pikipiki yake hadi langoni. Adriko alikuwa hapo, amesimama wima, ameshapongezwa na wengi. Alimfungulia lango lote, kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo kama walivyofundishwa mbele ya wageni wa shule.

"Asante sana, afande, kwa kumsafishia jina dada yetu," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa. Ingekuwa aibu kumshinda mwizi."